Maji ya Chemka

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliniuliza swali, nikashindwa kumaliza kipindi. Nafundisha Kiswahili katika shule moja hapa Kasubi, Kampala, na siku hiyo tulikuwa kwenye kauli za vitenzi. Nilikuwa nimeandika ubaoni chemka, chemsha, chemshia, chemshwa, na darasa lilikuwa likinifuatisha kwa ule uvivu wa saa nane mchana, matumbo yamejaa posho na maharage. Binti huyo, ambaye kwa kawaida hanyooshi mkono hata umkamate kiwiko, akanyoosha. "Mwalimu, chemchemi na kuchemka ni ndugu?"

Ni ndugu, nikamwambia. Maji yakiwa juu ya moto hufurukuta kutoka chini, na yakitoka ardhini hufurukuta vivyo hivyo, wazee wakayapa jina la ukoo mmoja. Nikamsifu mbele ya wenzake. Halafu nikageuka kuliandika neno chemchemi, na mkono ukagoma. Nilisimama pale nimewapa watoto mgongo mpaka mmoja akakohoa, nikawaambia wasome kimya, nikaketi.

Utaniuliza, neno moja tu, mwalimu mzima? Ndiyo, ndugu yangu, neno moja. Neno hilo lilimzika mdogo wangu na likamwondoa nyanya yangu Kampala, na aliyejua lilivyotamkwa siku ile ni mimi peke yangu. Mama yangu yu hai, bado anakaa Namuwongo, na tangu nikiwa na miaka tisa nilikuwa sijawahi kumwambia. Jumamosi nikaona basi, imetosha, nikaenda kumwambia. Lakini ngoja kwanza nikurudishe nyuma, maana mambo haya ukiyaanza mwishoni utamlaumu asiyestahili.

Tulikaa Namuwongo ya chini kabisa, upande wa reli, mahali ambapo mvua ikinyesha kila walichotupa watu wa juu kinakuja kuwatembelea watu wa chini. Tulikuwa na chumba kimoja na kibaraza. Mabehewa ya mizigo yalipita karibu sana, yakielekea Port Bell, na vikombe vikagongana kabatini, na mimi nikajigamba kwa wenzangu, kwa sababu baba yangu alikuwa akifanya kazi kwenye meli iliyoyavusha mabehewa hayo ziwani. Akiondoka, humwoni wiki nzima. Mama alifua mashuka katika hoteli moja mjini, akitoka alfajiri na kurudi miguu imevimba. Kwa hiyo aliyetulea hasa, mimi na mdogo wangu, ni Nyanya, mama yake mama.

Nyanya alizaliwa magharibi ya Kenya, lakini ujana wake wote aliwapikia watu Mombasa, na kutoka huko alirudi na vitu viwili: goti bovu na Kiswahili. Goti alilivumilia. Kiswahili alikilinda kwa wivu. Sasa mlete mtu wa namna hiyo Kampala, ambako Kiswahili wakati ule kilikuwa cha askari na wachuuzi, kila mmoja anakivunja anavyotaka! Mtu akisema "maji iko wapi", Nyanya alishika kichwa. "Yako! Maji yako, si iko!" Na jirani yetu, ambaye alipenda kumchokoza, akajibu, "Yangu? Basi usiyaguse." Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Hata jina lenyewe lilimletea taabu. Watoto wenzangu wote walikuwa na jaja, mimi peke yangu nikawa na nyanya, na kwao nyanya ni ile ya kutia mchuzini. Walimfuata njiani wakiimba kwamba jaja wa fulani ni nyanya. Akageuka siku moja, mikono kiunoni, akawaambia, "Na nimeiva kweli kweli, njooni mnichume." Walikimbia, na kesho yake wakarudi kuomba mahamri. Alikuwa akiyakaanga Jumamosi, yenye iliki, na harufu yake ilishinda ile ya mukene, dagaa wetu wa kukausha, na ile ya mfereji mkubwa kwa pamoja. Mimi nilikula manne, la tano nikaficha mfukoni, na kila mara mafuta yakanisaliti.

Chini ya mteremko wetu kulikuwa na mahali maji yanatoka ardhini yenyewe. Walikuwa wamepajengea ukuta wa saruji na kutia mabomba mawili ya chuma, na maji yalimwagika humo mchana kutwa bila mtu kuyafungulia. Wenyeji walipaita oluzzi. Nyanya ndiye pekee aliyepaita chemchemi, nami nikaliiba neno hilo nikaringa nalo, kwa sababu mtaa mzima hakuna aliyelijua. "Naenda chemchemini," nilisema, na wenzangu wakadhani naenda mbali. Yalikuwa maji baridi ya kuuma meno. Tulipanga majerikani ya njano foleni, tukaacha foleni ijipange yenyewe, tukacheza kwenye ngazi zenye ukungu wa kijani, tukateleza, tukachapwa, tukarudi. Kizibo kikipotea tuliziba kwa ndizi mbichi. Kama kuna mahali nilipata kuwa mtoto hasa, bila kazi wala kutumwa, ni pale kwenye foleni ya oluzzi.

Hatua chache juu ya ukuta ule kulikuwa na safu ya vyoo vya shimo. Kila mtu aliviona, tulipita kando yake tukiwa tumeziba pua. Hakuna aliyeviunganisha na maji, kwa sababu maji yaling'aa na yalikuwa matamu, na sisi maji tuliyapima kwa macho na ulimi. Tulichokitilia shaka ni maji ya bomba. Bomba lilikuwa moja, la jirani huyo huyo niliyemtaja, mama mmoja Mnubi ambaye babu yake aliletwa huku na jeshi la wakoloni. Maji yake yalinuka dawa, hasa yakirudi baada ya kukatika, na yeye mwenyewe alikuwa akiufukiza mtungi wake ubani ili harufu ile itoke. Yeye na Nyanya waligombana juu ya maji karibu kila siku, ugomvi wa kupendana.

"Maji yako yamelala na vyoo," jirani alisema.

"Na yako yametoka hospitali, bado hayajapona," Nyanya akajibu.

Mama hakuwa na muda wa utani huo. Kazini alikuwa amejifunza jambo moja na akalileta nyumbani kama amri: maji ya kunywa yachemshwe, na ya mtoto mdogo yachemshwe mara mbili. Nyanya alikunja uso. Maji ya kuchemsha kwake yalikuwa uji uliosahau unga. Lakini nyumba ilikuwa ya mwanawe, na Nyanya hakuwa mtu wa kuvunja amri ya nyumba ya mtu, hata ya binti yake. Kwa hiyo tulichemsha. Ninaposema tulichemsha, nina maana nilichemsha mimi. Kuwasha sigiri ilikuwa kazi yangu, asubuhi na jioni. Mkaa ukiwa na unyevu unapuliza mpaka kichwa kinazunguka, moshi unaingia machoni, na unafika shule unanuka jikoni. Niliichukia sigiri ile kwa moyo wangu wote. Naomba ukumbuke hilo.

Mdogo wangu alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na kichwa kikubwa kilichomtangulia kila alikokwenda. Alijua maneno matatu, na moja lilikuwa jina langu, alilolikata nusu. Ukimweka kwenye beseni hatoki. Alitafuna pembe za madaftari yangu, na mwalimu akanichapa, nami nikarudi nyumbani kumfinya, nikaishia kumbeba. Nikikwambia kwamba bado nahisi uzito wake kiunoni upande wa kushoto, usidhani ni maneno ya kitabuni. Upande wa kushoto, hapa.

Mwaka ule mvua zilinyesha vibaya. Mfereji ulifurika, vyoo vikafurika, watu wakaweka magodoro juu ya meza. Maji ya oluzzi yalibadilika kidogo, yakawa na weupe wa maziwa yaliyotiwa maji mengi, lakini ukiyaacha yatulie kwenye jerikani yalirudi kung'aa. Watoto mtaani wakaanza kuhara. Jumatatu mdogo wangu naye akaanza. Jumanne macho yake yalikuwa yameingia ndani, na Nyanya akamfunga mgongoni kwa leso, na goti lake lile, akaniambia leo huendi shule, utakuwa ulimi wangu. Nyanya alikuwa hajui Kiganda. Mimi nilikijua kama watoto wote wa Namuwongo tulivyokijua, kwa kucheza na kutukanana.

Zahanati ilikuwa imejaa mpaka nje. Watoto walilia, akina mama wakaitana, mvua ikapiga bati. Nesi alikuwa binti mdogo tu, amechoka hata sauti imekauka. Mbele yetu alikuwepo mama mmoja wa Kiganda, na nesi akampa pakiti za ile dawa ya chumvi na sukari, akamwambia aikoroge kwa amazzi amafumbe. Nilimsikia vizuri. Amazzi amafumbe ni maji yaliyopikwa, yaliyochemshwa. Hata mtoto wa miaka mitatu Kampala analijua hilo. Kisha zamu yetu ikafika, nikafungua mdomo kutafsiri, lakini nesi alipomwona mzee na leso yake akataka kumheshimu kwa lugha yake.

"Jaja, wewe koroga hii na maji ya chem…" akakwama, akalitafuta neno, akalipata nusu, "ya chem… chemuka."

Nyanya akainua kichwa. "Ya chemchemi?"

"Eee, jaja, hiyo hiyo," nesi akasema, na mkono wake ulikuwa tayari kwa mtoto mwingine.

Nilijua. Sitaki kulipamba jambo wala kujipamba. Nilikuwa nimesimama katikati yao, masikio mawili, lugha mbili, na nilijua palepale kwamba nesi amesema moja na Nyanya amesikia jingine. Ulimi wao ulikuwa ni mimi, na ulimi ukanyamaza. Ningesema hapo, nesi angecheka, Nyanya angecheka, mambo yangekwisha. Lakini Nyanya alikuwa ameshageuka na uso wake uling'aa kwa namna ambayo sikuwahi kuiona tangu aje Kampala.

"Umesikia?" aliniambia njiani, akiruka madimbwi kwa goti bovu, mtoto mgongoni. "Nesi mzima! Kalitaja na jina lake. Miaka yote niko mji huu, ndiyo kwanza nasikia Mganda akitamka chemchemi. Mama yako atanikoma leo." Akacheka. Nikasema, "Nyanya," akasema, "Eh?" nikasema, "Hakuna kitu."

Nimejiuliza maisha yangu yote kwa nini nilisema hakuna kitu. Nilikuwa nimelelewa kwamba mtoto hamsahihishi mkubwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tuliambiwa, nami nililisikia la mkuu, na aliyevunjika ni mwingine. Furaha yake pia ilinizuia, nilimwonea huruma. Lakini hayo ni ya juu juu. La chini kabisa ni kwamba nilipomsikia akisema chemchemi nilifikiri, basi, sigiri haitawashwa, nitakwenda foleni kucheza. Miaka tisa nilikuwa nayo. Hicho ndicho nilichofikiri.

Siku hizo mbili na nusu Nyanya alimuuguza mtoto kwa uangalifu ambao sijauona tena kwa mtu yeyote, hata hospitali kubwa. Aliosha mikono mpaka viwiko, aliosha kijiko, alipima pakiti katika chupa iliyosuguliwa kwa mchanga. Maji nilimletea mimi. Nilichota, nikayaacha yatulie, nikammiminia. Yalikuwa yanang'aa. Alimpa mtoto kijiko baada ya kijiko, akimwambia kunywa, baba, kunywa, mume wangu, haya ni maji ya Mungu. Mama alikuwa na zamu mbili wiki ile kwa sababu hoteli ilikuwa na wageni wengi, aliingia, akamgusa mtoto shingo, akauliza dawa inakorogwa vipi, Nyanya akasema, "Kama nesi alivyotuambia." Alisema kweli yake.

Alhamisi saa sita mchana mdogo wangu alifungua macho, akalitaja jina langu, ile nusu aliyoiweza, na hakusema tena. Nilikuwa nimeshika kikombe. Nyanya aliendelea kumtia kijiko mdomoni, maji yakarudi kwenye kidevu, akapangusa, akatia kingine. Ni jirani aliyeingia na kumshika mkono. "Basi, mama," alimwambia. "Basi sasa."

Kuna daktari niliyemweleza habari hizi nikiwa mtu mzima, akaniambia kwamba mtoto aliyefika hali ile huenda asingepona hata kwa maji ya kuchemshwa. Huenda. Nililichukua neno hilo nyumbani na nimeligeuzageuza, na halijanipa usingizi hata siku moja.

Tulipotoka kuzika, baba akiwa bado ziwani, mama aliingia ndani na kitu cha kwanza alichokiona ni gunia la mkaa. Nililiona jicho lake linavyotua pale. Lilikuwa palepale lilipokuwa Jumanne, halikupungua hata ngumi moja. Sigiri ilikuwa kavu, kwa kuwa siku hizo zote chakula kilitoka kwa jirani, na buibui ameshaanza kazi. Waombolezaji walikuwa bado kibarazani, jirani anagawa chai.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "mlikuwa mnachemshia nini?"

"Nesi alisema maji ya chemchemi," Nyanya akajibu.

"Nesi alisema nini?"

"Ya chemchemi. Nikamuuliza mara ya pili, akaitikia."

"Hakuna nesi duniani wa kusema hivyo!" Sasa watu wote walisikia. "Hakuna! Wewe na chemchemi yako! Miaka yote umekuwa ukiutaka ushindi huo, haya, umeupata! Umemuua mwanangu kwa ukaidi wako, na unamsingizia nesi!"

Nyanya hakupandisha sauti. "Muulize mtoto," alisema. "Alikuwapo, alisikia yote."

Mama akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu, na ndani yake kulikuwa na kitu kinachoomba. Leo nadhani aliomba nimwambie kwamba mama yake hakudanganya. "Nesi alisema nini?" aliniuliza.

Ningefungua mdomo na kueleza, wangejua kwamba nilijua. Niliangalia miguu yangu. Nikasema, "Sikusikia. Kulikuwa na kelele."

Ndugu yangu, nimewahi kusema uongo mwingine maishani. Wote umesamehewa au umesahauliwa. Huu haujasogea. Nyanya alinitazama, si kwa hasira, kwa mshangao, kama mtu anayejaribu kukumbuka alipoweka kitu. Kisha akasema, "Basi huenda ni masikio yangu," na suala hilo hakulitaja tena siku zote alizobaki kwetu.

Hazikuwa nyingi. Aliondoka kabla wiki haijaisha. Mama alikwenda kazini asubuhi hiyo bila kumuaga. Jirani ndiye aliyembebea mzigo mpaka kwenye basi la Kenya, na mimi nikafuata nyuma. Nyanya aliinama kwa shida, akanishika mashavu yote mawili. "Usijilaumu kwamba hukusikia," aliniambia. "Pale palikuwa na kelele kweli, mwanangu. Kelele nyingi." Alikuwa ananifariji mimi. Basi liliondoka, na nikarudi nyumbani, nikawasha sigiri bila kuambiwa.

Baada ya hapo alituma salamu kwa kila aliyekuja Kampala. Mama alizipokea kwa "haya" na kuendelea na shughuli zake. Nilikuwa na miaka kumi na saba habari ya kifo ilipofika. Mama alikuwa anafua. Alimsikiliza mjumbe, akamshukuru, akaisuuza nguo aliyokuwa nayo, akaikamua, akaianika. Alisema anaumwa, hawezi kusafiri. Hakwenda kumzika mama yake mzazi, na mimi, niliyeweza kumpeleka kwa sentensi moja, nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwenye beseni, na nikaingia ndani kusoma. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi mshindo wake nausikia mpaka leo.

Haya, Jumamosi nikashuka Namuwongo. Nilipitia oluzzi makusudi. Ukuta upo, bomba moja limezibwa kwa saruji, na la pili linadondoka. Wameweka kibao chenye maandishi mekundu, kwa Kiingereza na Kiganda, kwamba maji haya si salama kwa kunywa. Chini ya kibao hicho alikuwepo mama kijana anamjazia mwanawe chupa ya shule. Sikujizuia. Nikamwambia, "Dada, hayo yachemshe." Akanitazama kwa uchovu usio na hasira. "Mwalimu," akasema, na sijui alijuaje mimi ni mwalimu, "bomba iko kavu siku ya nne. Mkaa iko wapi?" Sikumsahihisha Kiswahili chake.

Mama sasa ana vyumba viwili na magoti mabovu kama ya mama yake. Maji anachemsha mpaka ya kuoshea mboga. Hata yale ya chupa za dukani, yaliyofungwa, anayafungua na kuyachemsha, na majirani wanamcheka. Alinipokea vizuri, akaniandalia chai na mihogo. Nilimuacha aketi. Halafu nikamweleza yote, kuanzia yule mama wa Kiganda na amazzi amafumbe mpaka mvua juu ya bati. Sikujitetea. Nilimaliza, nikasubiri anipige au anifukuze. Hakufanya hata moja.

"Sema tena," aliniambia. "Alivyosema yule nesi. Vile vile."

Nikaigiza sauti ya yule binti, na kukwama kwake. "Maji ya chem… ya chem… chemuka."

Midomo ya mama ilisogea ikilifuata neno, mara moja, mara mbili. "Na mama akasikia chemchemi," alisema.

"Ndiyo."

"Akamuuliza, naye akaitikia."

"Ndiyo, mama. Aliitikia."

"Kwa hiyo hakunidanganya."

"Hakukudanganya. Hata kidogo."

Nje mtu alikuwa anaburuta majerikani matupu, na mtoto fulani alikuwa analia kwa hasira za kunyimwa kitu. Mama alinyoosha kitambaa cha meza kwa kiganja, akakinyoosha tena. "Ulikuwa na miaka tisa," alisema hatimaye, nami nikaishika sentensi hiyo kwa mikono miwili, nikadhani ndiyo msamaha, nikaanza kulia.

Lakini alikuwa hajamaliza. "Alipokufa ulikuwa na kumi na saba," alisema. "Mtu mzima. Mbona hukuniambia nikiwa bado na mama?"

Ningeweza kusema niliogopa, lakini hilo linamtosha mtoto, halimtoshi mtu mzima. Foleni ile ya oluzzi ninayoiota imekwisha, Nyanya na mahamri yake wamekwisha, na aliyebaki wa kuombwa radhi ni huyu mmoja, ambaye mimi ndiye niliyemnyima mama yake kwa miaka minane huku akiwa hai, upande wa pili wa mpaka, akituma salamu. Mama aliinuka kwa kujishikilia meza, akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango taratibu. Nilimsikia akiita, "Mama. Mama, nisamehe," kwa lugha yao ya nyumbani, ile ambayo hakuwahi kutufundisha, ila neno hilo la kuomba msamaha nililijua kwa Nyanya. Nilikaa pale mezani mpaka chai ikapoa.